Mjadala: Fungu la kikundi chetu liende tamashani Zanzibar au libaki Mwanza?

Mleta mada, Nyakato

Mwangaluka wakuu.

Kikundi chetu tuko 16: watu wa kamera, wahariri, waigizaji wachache na mwandishi mmoja. Kila mtu ametoa elfu 20 kwa mwezi kwa miezi 10, na sasa kwenye akaunti kuna milioni 3 na laki 2. Juzi kikao kilivunjika bila maamuzi. Nusu wanataka tupeleke watu wawili tamasha la filamu la ZIFF, Zanzibar, wakajuane na watu. Nusu wanataka hela ibaki, tumlete fundi wa sauti atufundishe siku tano na tununue maiki mbili za maana.

Suala hili nalileta hadharani kwa sababu si letu peke yetu. Kila anayeshika kamera kuanzia Musoma hadi Bukoba, Geita mpaka Shinyanga, atakutana nalo: mtu wa filamu wa huku anakua kwa kuwafuata wakubwa waliko, au kwa kubanana na wenzake mpaka kazi iwe kazi?

Mimi niko upande wa kubaki.

Mwaka jana nililipa laki moja na nusu kuingia semina ya siku moja kwenye hoteli hapa mjini. Tangazo liliahidi "koneksheni na wadau". Wadau walifika saa saba mchana, wakazungumza dakika arobaini kuhusu kujiamini, wakala, wakapiga picha na sisi, wakaondoka kuwahi ndege. Nilirudi nyumbani na cheti ambacho jina langu limekosewa, pamoja na namba tatu za simu. Hazijawahi kupokelewa hata moja.

Mwaka huohuo jamaa mmoja wa Igoma alinishikia maiki siku mbili kule Kayenze bila kudai senti, na mimi nikamhariria tangazo la duka la pikipiki. Kupitia yeye nimepata harusi tatu na filamu fupi ya shirika moja. Kujuana ninakokuelewa ni huko.

Halafu soko si lile. Enzi za DVD asiyefika Kariakoo hakuwa na filamu. Msambazaji alikuwa kule, alikununua kwa mkupuo na haki zote akabaki nazo, ukarudi kwenu na nauli. Leo kupeleka filamu tamashani unajaza fomu mtandaoni, kwenye FilmFreeway, ukiwa umekaa Nyakato. YouTube wanataka waliojisajili 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ndipo wakupe mgawo wa matangazo. Hawaulizi unakaa mkoa gani. Sasa ya nini kupanda basi zaidi ya kilomita 1,100 mpaka Dar, kisha boti, kwenda kumpa mkono mtu ambaye barua pepe yangu anayo?

Nipingeni.

Aliyehamia Sinza

Kaka, semina na tamasha ni vitu viwili na wewe umeviweka kapu moja. Ulichouziwa pale hotelini ni maneno. Tamashani unakwenda kutazama filamu, na wanaozitazama pamoja na wewe ndio watu wa kazi.

Mimi ni mzaliwa wa Magu. Nilikwenda Zanzibar mara ya kwanza nikiwa na begi moja na ndoto ya kukutana na wakubwa. Sikukutana na mkubwa hata mmoja. Usiku wa pili pale Ngome Kongwe filamu ilichelewa kuanza, nikawa nimekaa na mhariri kutoka Kampala, tukawa tunalalamika njaa. Tukaenda Forodhani, tukala, tukaoneshana kazi kwenye simu. Baada ya miezi sita akanipigia: ana mradi Dodoma, anahitaji mtu anayejua Kiswahili na anayeweza kuhariri mazungumzo. Kazi ile ilinilipia kodi ya mwaka.

Angenipataje kwa fomu? Fomu inapeleka filamu. Haikupeleki wewe ukaonekana una subira, unafika kwa wakati, huna majivuno.

Na usisahau historia. Marehemu Kanumba alitoka Shinyanga, mkoa wa jirani hapo. Angebaki kusubiri wafike kwao, tungemjua?

Fundi sauti, Igoma

Mimi ndiye niliyeshika ile maiki Kayenze, kwa hiyo naongea kama shahidi.

Mnazungumzia kumpeleka mtu Zanzibar na filamu gani? Nimezisikiliza tano za kikundi chenu. Nne hazipiti. Picha nzuri mno, droni imezunguka Jiwe la Bismarck mpaka jiwe lenyewe limechoka, lakini mtu akifungua mdomo unasikia upepo. Kila mara mnapanga kupiga ufukweni saa tisa alasiri, wakati upepo wa ziwa ndio umekolea. Pigeni asubuhi. Nimesema miaka minne. Soko la samaki la Mwaloni nalo lina injini za mitumbwi, wachuuzi na korongo wanaogombea matumbo ya samaki, huwezi kusema "nitasafisha kwenye kompyuta". Kelele ikishakaa juu ya sauti ya mtu haitoki bila kuondoka na sauti yenyewe.

Na kuna namba ambazo hakuna anayewaambia. Kiwango cha utangazaji cha Ulaya kinataka wastani wa −23 LUFS, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti. Netflix wanataka mazungumzo yakae kwenye −27. YouTube wenyewe wanashusha chochote kinachozidi karibu −14. Nikimuuliza mhariri wenu kapima ngapi, ananijibu "nimeweka mpaka juu, inasikika vizuri kwenye simu".

Anayenunua filamu nje huomba pia njia ya sauti isiyo na mazungumzo, yaani muziki na milio tu, ili aweze kuitia lugha yake. Kikundi kizima hakina filamu yenye hiyo. Mtakwenda kuzungumza na mnunuzi, akaipenda, akaiomba, mtamjibu nini?

Hela ibaki. Na wala msimlete mtu kutoka mbali, mimi nipo hapa Igoma.

Aliyehamia Sinza

Hahaha, kumbe fundi naye ana maslahi!

Fundi sauti, Igoma

Ninayo, na nimeyasema wazi. Wadau wa hotelini waliyasema yao?

Mwenye kibanda zamani, Mabatini

Wanangu, mimi nilikuwa na kibanda umiza miaka tisa, benchi sita na televisheni moja. Mnabishana mahali pa kwenda na sijasikia mtu akitaja mtazamaji.

Wateja wangu hawakuwa wanakuja kwa ajili ya filamu ya Kichina. Walikuwa wanakuja kwa ajili ya yule anayeitafsiri. Mtu anamchukua muuaji wa Hong Kong, anampa jina la Kisukuma, anamfanya anadaiwa na mama ntilie, kibanda kizima kinalia kwa kucheka. Huyo hakuhudhuria tamasha lolote wala hakuwa na maiki ya maana. Alikuwa anajua nani amekaa kwenye benchi.

Filamu zenu mara nyingine nazitazama na wajukuu. Watu wamekaa kwenye makochi makubwa, wanazungumza kama wako Masaki. Hapa Mabatini nani anazungumza hivyo?

Mwandishi pekee wa kikundi, Buswelu

Shikamoo mzee. Umenisemea, ila mwandishi ni mimi, na hayo makochi sikuyaandika. Yaliwekwa siku ya kupiga.

Mleta mada ni mwenzangu na namheshimu, ila kuna jambo amelipita. Hao wawili wa kwenda Zanzibar ni akina nani? Kwenye kikao yalitajwa majina ya wenye kamera, basi. Wazo huwa linanadiwa na mwandishi na mtayarishaji. Mtayarishaji hatuna kabisa! Tuna watu 16 na hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ni kutafuta hela, kuandika bajeti na kusoma mkataba.

Nitawakumbusha jambo la hapahapa. Mwaka 2004 raia wa Austria, Hubert Sauper, alitoa filamu kuhusu sangara wetu, Darwin's Nightmare. Ilifika mpaka kuteuliwa kuwania Oscar. Serikali ilikasirika, mji ulikasirika, tukasema tumechafuliwa. Sawa. Ila ziwa ni letu, samaki ni wetu, na miaka zaidi ya 20 baadaye hatujatoa jibu lililofika kule alikofika yeye. Mnafikiri ni kamera? Filamu ile ilikuwa ya ushirikiano wa Austria, Ubelgiji na Ufaransa. Nyuma yake kulikuwa na watayarishaji waliofahamiana na kuaminiana kiasi cha kuchanga. Kwa hiyo kaka wa Sinza yuko sahihi kwamba watu ni mtaji. Ila mtu wa kamera akienda atarudi na picha.

Na la mwisho, kwa sababu wanaume hamtalisema. "Kujuana na watu" kwa mwanamke kuna bei nyingine. Mimi nimewahi kuambiwa mazungumzo ya skripti yatafanyika saa nne usiku, chumbani, si ukumbini. Nikakataa, na skripti ikakataliwa. Kama fungu litatoka, liwe la wanawake wawili au mchanganyiko, walale nyumba moja, na mikutano yote iwe mchana. Hili siombi.

Mwanafunzi, Malimbe

Nasoma mawasiliano ya umma hapa chuo kikuu cha SAUT. Niulize kidogo: kwa nini kikundi kilipie mafunzo wakati yapo ya ushindani yasiyo ya kulipia? MultiChoice, wale wa DStv, mwaka 2018 walianzisha shule ya filamu Nairobi ya kuchukua vijana wa Tanzania pia, na Kampala kuna Maisha Film Lab aliyoianzisha mwongozaji Mira Nair. Kampala kwetu ni karibu kuliko Dar, sisi ndio tunaifanya ya mbali. Ukivuka Mutukula umeshaingia Uganda. Tunaangalia bahari wakati tuna ziwa lenye nchi tatu.

Aliyehamia Sinza

Mdogo wangu, omba, ila usiweke mayai yote kwenye kampuni moja. Januari 2024 Amazon Prime Video walisitisha kuagiza kazi mpya Afrika. Mwaka 2025 Canal+ ya Ufaransa iliichukua MultiChoice, wenye chaneli ya Maisha Magic Bongo. Mabosi wakibadilika, mtu uliyemzoea ofisini unaweza usimkute.

Mleta mada, Nyakato

Hapo kaka umenisaidia mimi, hujajisaidia wewe. Kama wakubwa wanahama kila mwaka, kuwafuata kuna faida gani?

Aliyehamia Sinza

Ndiyo maana nilikwambia nilikutana na mhariri mwenye njaa. Ofisi inafungwa, namba ya mtu inabaki.

Mleta mada, Nyakato

Nimesoma yote, mengine mara mbili.

La sauti nalikubali, linauma. Filamu ya Kayenze nimeirudia jana usiku kwa kutumia hedifoni, na ni kweli, dakika ya 11 hadi 14 ni upepo mtupu. La mtayarishaji sikuwahi kulifikiria. Niliamini mwongozaji anafanya yote, kumbe ndiyo sababu tunapiga picha mwezi mmoja na kuhangaika na hela miaka miwili.

La mikopo ya halmashauri mmoja wenu ameniandikia pembeni: ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 ya vijana, 4 ya wanawake na 2 ya wenye ulemavu. Tulijaribu kwenye halmashauri moja ya kanda hii. Afisa alikuwa mpole sana, alitusikiliza, kisha akatuuliza tutafuga kuku wangapi. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika filamu.

Bado sijashawishika kuhusu Zanzibar mwaka huu. Dada wa Buswelu, ukisema wewe ndiye uende, nitakuunga mkono, lakini uende na kitu: trela ya sekunde 90, ukurasa mmoja wa hadithi, mikataba ya waigizaji iliyosainiwa. Leo tuna trela tu, na mikataba hatujawahi kuandikiana. Mwigizaji wetu mkuu tulimlipa kwa sato wawili na nauli.

Mwandishi pekee wa kikundi, Buswelu

Mikataba naweza kuiandika wiki hii. Ila mwigizaji mkuu asiposaini? Ameshaanza kusema filamu ni yake.

Mwenye kibanda zamani, Mabatini

Mpeni sato wa tatu.

Fundi sauti, Igoma

Jumamosi saa mbili asubuhi niko wazi. Leteni diski ya Kayenze pamoja na kompyuta ya kuhariria, tuone mazungumzo mangapi yanarekodiwa upya. Mwigizaji mkuu naye aje, mdomo wake nitauhitaji. Na msije saa nne mkasema foleni ya Mabatini.