Tupeane uzoefu: miguu ya Hakeem Olajuwon tunaifundishaje huku Malindi na Lamu?

Mdau wa Maweni (Malindi)
Asalaam aleikum wadau. Vijana wanaokuja uwanjani jioni wanamjua Hakeem kwa vipande vya video tu: mcheza kikapu Mnigeria, timu ya Houston Rockets ya NBA (ligi ya kikapu ya Marekani), jezi namba 34, mrefu. Wakishasema "mrefu" wamemaliza, na wafupi wanakata tamaa. Anayefundisha aeleze anachochukua kwa huyu bwana, hatua kwa hatua, na panapoharibika. Hadithi za "sisi enzi zetu" tuziache barazani.

Nianze na msingi. Alizaliwa Lagos mwaka 1963. Alikuwa golikipa wa kandanda, akacheza pia mpira wa mikono, na kikapu alikishika akiwa na miaka kama 15. Mwaka 1984, NBA ilipogawa wachezaji wapya, Rockets walimchagua wa kwanza kabisa, Michael Jordan akachukuliwa wa tatu. Alichukua ubingwa 1994 na 1995. Kwa hiyo kijana wa miaka 15 asiambiwe amechelewa.

Kocha wa Langoni (Lamu)
Waaleikum salaam. Ile mbinu yake ya kumhadaa mlinzi kwa bega na miguu, Dream Shake, mimi naigawa vipande na kipande cha kwanza hakina mpira.

Mchezaji asimame kushoto mwa ringi, nje kidogo ya eneo la sekunde tatu (lile lililochorwa mbele ya ringi, mshambuliaji hakai humo zaidi ya sekunde tatu), mgongo kwa mlinzi. Hapo bega la kulia liko upande wa mstari wa mwisho, la kushoto upande wa katikati. Pasi ikija, aruke kidogo aidake hewani, atue na miguu yote miwili kwa pamoja. Hili ndilo wengi hulipuuza. Ukitua kwa pamoja, mguu wowote waweza kuwa mhimili (unaobaki chini ukiuzungukia), na mlinzi hajui utazungukia wapi. Ukitua mmoja mmoja, wa kwanza kutua ndio mhimili, umeshajifunga mwenyewe.

Sasa mpira kidevuni, viwiko nje. Akiushusha kiunoni utapigwa kofi. Atikise bega la kushoto na macho yaende huko huko, kama anaingia katikati. Asikie uzito wa mlinzi mgongoni: ukihama, azunguke kwa bega la kulia, mguu wa kushoto ukibaki mhimili, kisha arushe huku akirudi nyuma. Mlinzi akiruka mapema, asirushe. Avushe mguu wa kulia mbele ya mlinzi kuelekea katikati, apite chini ya mkono wake, amalizie chini ya ringi.

Kosa kubwa ni haraka. Kijana anatikisa mara tatu kabla mlinzi hajaitikia hata ya kwanza. Tikisa moja, ngoja, soma. Mara 10 kila upande bila mpira, kisha 10 na mpira bila mlinzi, ndipo mlinzi aingie. Anayetaka kuiona ikifanya kazi atafute fainali ya ukanda wa Magharibi wa NBA ya 1995 dhidi ya San Antonio. Aliyekuwa akimkaba ni David Robinson, mchezaji bora wa msimu ule, na bado Rockets walishinda 4 kwa 2.

Filimbi ya Barani
Maalim umenena, ila niongeze la refa, maana mashindano ya mtaani ugomvi huanzia hapa. Ukitaka kudunda, mpira utoke mkononi KABLA mguu wa mhimili haujainuka. Ukitaka kurusha au kutoa pasi, mhimili waweza kuinuka, lakini usirudi chini mpira ukiwa bado mkononi. Vijana huiga video bila kujua tofauti hii, filimbi ikilia wanasema refa kanunuliwa. Na wakumbushwe sekunde tatu! Dansi ndefu ndani ya eneo ni mpira kwa wapinzani.

Bi Kocha, Shela ya Lamu
Kaka zangu, mbona hamjagusa ulinzi? Hakeem ana bloku (kuzuia mrusho wa mpinzani) 3,830, na mpaka leo hakuna aliyezifikia NBA. Msimu wa 1988–89 alipata bloku zaidi ya 200 na mipira ya kupokonya zaidi ya 200. Upokonyaji ni miguu, si urefu.

Wasichana wangu nawafundisha hivi: usiruke mpaka uone miguu ya mrushaji imeacha ardhi. Nyosha mkono juu, usiupige chini kama unafukuza nzi, maana hapo ndipo faulo. Gusa kwa vidole tu, mpira ubaki ndani mwenzio auchukue. Ukiupiga nje ya uwanja, wapinzani wanarudishiwa. Na mpira ukishaanza kushuka kuelekea ringi, juu ya usawa wake, usiuguse, kikapu kitahesabiwa. Bloku ya mwisho ya Hakeem mechi ya sita ya fainali ya 1994, kwa John Starks wa Knicks, ilikuwa ncha za vidole. Mechi iliisha 86 kwa 84.

Mdau wa Maweni
Ahsante dadangu. Na Ramadhani je? Kila mwaka hoja ni "Hakeem alicheza amefunga".

Bi Kocha, Shela ya Lamu
Ni kweli. Februari 1995 iliangukia Ramadhani na alitajwa mchezaji bora wa mwezi. Lakini NBA huchezwa sana usiku, baada ya kufuturu. Ngumu zilikuwa za mchana. Tena ilikuwa majira ya baridi, si jua letu hili. Kwa hiyo alasiri tunafanya miguu tu bila kukimbia, dakika 30 za mwisho kabla ya maghribi, na mbio tunaziweka baada ya tarawehe. Maji yanywewe kidogo kidogo toka futari hadi daku, si jagi zima wakati wa adhana ya alfajiri. Akiona kizunguzungu, akae kivulini. Kisipoisha, afungue, atalipa siku nyingine.

Kijana wa Ngala
Urithi wake uko wapi sasa? Wa leo wote wanarusha pointi tatu.

Kocha wa Langoni
Kijana wangu, waliomfuata baada ya kustaafu 2002 hawakuwa wadogo. Kobe Bryant alikwenda kwake kujifunza, LeBron James akaenda 2011 baada ya kushindwa fainali na Dallas. Joel Embiid wa Kameruni alianza kikapu kijana mkubwa kama yeye, na alijifunza kwa kutazama video zake. Mwaka 2023 akawa mchezaji bora wa NBA.

Filimbi ya Barani
Mwafrika wa pili basi kuwa mchezaji bora, baada ya Hakeem mwenyewe, ukiacha Steve Nash aliyezaliwa Johannesburg akakulia Kanada. Hilo nalo lina ubishi wake.

Mdau wa Maweni
Jambo moja la kwetu: viwanja vya karibu na bahari, wakati wa kusi, ule mrusho wa kurudi nyuma upepo unaupeleka pembeni. Wafundisheni kutumia ubao. Wasimame kwenye mshazari, walenge kona ya juu ya mraba mdogo iliyo upande wao. Ringi ipakwe rangi ya kuzuia kutu mapema, na wavu ukikatika msingoje wa dukani. Fundi wa nyavu anasuka kwa uzi wa nailoni: vitanzi 12, urefu sentimita 40 hadi 45, chini uwe mwembamba kidogo ili mpira usitoke kama risasi.

Kijana wa Ngala
Ringi yetu ina vishikio 9 tu, vitatu vimevunjika.

Mdau wa Maweni
Vichomelewe kwanza, na wavu uvuliwe kabla ya kuchomelea, nailoni huyeyuka.