Tupeane uzoefu: siri ya ugonjwa na hali ya kuishi katika nyumba za upataji nafuu

Mwenye mada, Unguja

Asalaam alaykum. Nyumba za upataji nafuu za watu wanaoacha dawa za kulevya, hizi tunazoziita soba, nyingi ni nyumba za kukodi za kawaida: vyumba vitatu vinne, ukumbi mmoja, choo kimoja au viwili. Naomba wanaozijua kwa kazi waandike mambo mawili yasiyotengana: siri ya ugonjwa wa mkaazi ilindwe vipi, na nyumba yenyewe iwe vipi. Majina ya watu na ya nyumba tuyaache.

Naanza na daftari. Lile la mapokezi, linalokaa mezani, liwe na jina, umri, namba ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, siku aliyoingia na jamaa wa kuitwa kukitokea dharura. Basi. Habari za VVU, homa ya ini, kifua kikuu au maradhi ya akili zikae kwenye faili jengine lenye namba bila ya jina, ndani ya kabati la kufuli, na ufunguo uwe kwa watu wawili tu. Sheha akija kuulizia wageni wa shehia yake, anaoneshwa daftari la kwanza. Kosa ninalolichukia ni ubao wa ukumbini wenye majina na saa za dawa. Anayeleta maji anausoma, na jioni mtaa mzima unajua.

Muuguzi, Mjini

Msimamizi hahitaji jina la ugonjwa ili amsaidie mkaazi. Anachohitaji ni kujua kwamba huyu anameza kidonge saa 2 usiku, na huyu ana kliniki Jumanne.

Kikopo cha ARV, dawa za VVU, watu wanakijua kwa mlio tu kikitikiswa, ndiyo maana wengine huhamishia vidonge kwenye mfuko wa plastiki. Msifanye hivyo. Ndani ya kikopo mna kifuko cha kunyonya unyevu, na kwa hewa yetu ya pwani kidonge kilichotolewa humo huharibika. Suluhisho la kweli ni kumpa kila mkaazi, mgonjwa na mzima, kisanduku cha kufuli cha ukubwa mmoja. Kikopo kizungushiwe kitambaa kisigonge. Kisanduku kisikae juu karibu na bati. Joto lisipite nyuzi 30.

Lakini siri isifike mpaka daktari naye akafichwa. Rifampisini ya kifua kikuu inaufanya mwili uiondoe haraka methadoni, ile dawa ya kunywa anayopewa anayeacha heroini. Mtu anakunywa methadoni yake kila siku kliniki ya Kidongo Chekundu, anaanza dawa za kifua kikuu kwengine, hakuna aliyeiambia kliniki. Siku chache mbele yuko ndani ya arosto: jasho, kuharisha, maumivu ya mifupa, usingizi hakuna. Nyumbani wanasema karudia unga, wanamtoa. Kumbe dozi ya methadoni ndiyo inayotakiwa kupandishwa, na anayepandisha ni kliniki. Tiba ya kifua kikuu, kwa kawaida miezi 6, ikimalizika, dozi ishushwe taratibu; ikiachwa pale pale juu, anaweza kulala usingizi mzito na pumzi zikakatika. Anayetumia dolutegraviri, dawa ya VVU, naye hupewa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja, kwa sababu ya rifampisini hiyo hiyo. Kwa hiyo orodha ya dawa zote aibebe mwenyewe, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi, kutoka kliniki hii hadi ile.

Fundi, Fuoni

Nyumba hizi madirisha huzibwa kwa bati watu wasitoroke. Hapo kifua kikuu kimefunguliwa mlango, maana kinasafiri kwa hewa. Tia nondo na wavu wa mbu, hewa ipite. Chumba kiwe na madirisha mawili yanayotazamana, moja upande wa Kaskazi, jengine upande wa Kusi, na matofali ya matundu juu ya ukuta pande zote mbili. Vitanda viachane mita 1, na kichwa cha huyu kielekee miguu ya yule. Godoro lisilale sakafuni. Masika hulowa kwa chini na kuota ukungu. Chaga ya sentimita 10 inatosha.

Na kuta za ndani, nyingi hazifiki juu. Mshauri anazungumza chumba hiki, chumba cha tatu wanasikia kila neno. Kijengwe japo chumba kimoja kilichozibwa hadi juu. Kama pesa hakuna, wakae nje chini ya mwembe, mbali na dirisha.

Komeo la choo liwe la ndani, lakini la aina inayofunguka kwa nje kwa bisibisi. Mtu akianguka humo hamtavunja mlango.

Mhudumu wa afya, Wete

Upele ukiingia, wote wapakwe dawa siku moja, shingo hadi nyayo, wanaojikuna na wasiojikuna. Ukimtibu mmoja umemtangaza, na upele utarudi. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto, au yafungwe ndani ya mfuko siku 3.

Damu ni hivyo hivyo, ya yeyote ihesabiwe ina maambukizi. Vaa glavu, mwaga jiki kipimo 1 kwa maji vipimo 9, subiri dakika 10, futa. Wembe ni wa mtu mmoja. Sahani hazitengwi kabisa: VVU havipiti kwenye sahani, wala kifua kikuu.

Mwenye mada, Unguja

Ahsanteni. Naongeza la wazazi, maana wao ndio wanaolipa ada na wanataka kujua majibu ya vipimo. Mkaazi mtu mzima aandike mwenyewe siku ya kuingia nani aambiwe na aambiwe nini, na aweze kuibadilisha karatasi hiyo. Picha za wakaazi zisipelekwe kwenye grupu la wasapu la wazazi, hata zikiwa za futari.

Karatasi za kliniki zilizokwisha kazi zichomwe mpaka ziwe jivu. Zikitupwa nzima, zitakuja kufungiwa karanga.