Wafuasi 14,300, dukani hakuna watu. Ripoti ya Jumatatu niandike nini?

Mwana Katuba (mwenye uzi)
Jambo bandugu. Naomba ushauri wa haraka kwa wanaojua matangazo ya mitandaoni. Ninaendesha ukurasa wa Facebook wa duka la paneli za sola, betri na inverta hapa Lubumbashi, jina sitalitaja. Huu ni mwezi wa nane. Niliupokea ukiwa na wafuasi 900 na kitu, leo wako 14,300. Picha napiga mwenyewe, naposti kila siku, inboksi najibu hadi usiku wa manane. Wiki iliyopita patroni, mwenye duka, aliniita akaniuliza: "Watu elfu kumi na nne, mbona hapa naona nzi tu?" Anataka ripoti Jumatatu saa mbili asubuhi. Niweke vipimo gani ili aelewe kwamba mambo haya yanataka muda? Nina mke na mtoto wa miezi mitano, kazi hii siwezi kuipoteza.

Mama Vitenge
Pole mwanangu. Mimi nauza vitenge Kamalondo na ukurasa sina. Nina simu na statasi ya WhatsApp, basi. Nikiweka kitenge kipya jioni, kabla ya kulala natazama waliofungua, mara nyingi 160 hivi. Kati ya hao sita au saba wataandika "Mama, ile ya kijani bado iko?" Kesho yake wawili watafika na franka mkononi. Hao wawili ndio naandika kwenye daftari. Kuna kijana alinishawishi nimpe dola 20 anibustie, yaani alipie Facebook posti yangu ionekane na wengi. Nilipata mioyo mingi sana, yote ya Kinshasa, na kutuma mzigo huko kunakula faida yote. Tangu siku ile nikiona moyo nauliza kwanza, wewe unakaa wapi?

Fundi Sola Likasi
Tatizo ni patroni, si wewe. Nafunga sola mwaka wa tisa huu. Mtu wa hapa hanunui betri kwa sababu ya picha. Ameshachomwa na betri zilizokufa baada ya miezi minne, hana mahali pa kulalamika. Anachotaka kujua ni nani atakuja ikiharibika. Mwaka jana nilifunga mtambo kwa papa mmoja hapa Likasi, majirani watatu wakaja kuutazama umeme ulipokatika mtaa mzima na kwake taa zinawaka. Wote watatu walinunua. Tangazo lilikuwa ile taa ya kwake.

Hesabu
Mwana Katuba, hujatupa kitu cha kupima. Idadi ya wafuasi peke yake haisemi lolote. Niambie posti ya kawaida inafikia akaunti ngapi. Usichanganye na mara ilizoonekana, maana mtu mmoja akiiona mara tano, hapo inahesabiwa tano. Niambie pia jumbe ngapi kwa wiki, na dola ngapi mnalipa Facebook kwa mwezi. Kisha fungua sehemu ya takwimu za ukurasa, pale wanapoonyesha miji ya wafuasi. Mitano ya kwanza ni ipi?

Mwana Katuba
Asante yaya Hesabu, mkubwa wangu. Kufikiwa ni kuzuri tu kwa kiasi chake, kunapanda na kushuka. Bajeti ni dola 40 kwa mwezi, kuna mwezi mmoja alinipa 100. Ninachohitaji ni namna ya kueleza kwa patroni kwamba jina la duka linajengwa polepole.

Hesabu
Miji, mdogo wangu. Nimeuliza miji.

Mama Vitenge
Jibu yaya wako, mwanangu. Hapa hakuna anayekujua.

Mwana Katuba
Sawa. Wa kwanza ni Dhaka. Wa pili Karachi. Lubumbashi ni wa nne.

Naomba msinihukumu kabla hamjasikia. Mwezi wa tatu patroni alisema kabla ya Pasaka anataka wafuasi elfu kumi, kwa sababu duka la jirani wanao. Ndio mwezi alionipa dola 100. Nilichukua 60 nikanunua wafuasi 12,000 kwa mtu wa Telegram, 40 zilizobaki nikalipia matangazo ya kweli. Patroni alifurahi, akanipa bonasi. Kila mtu anafanya hivyo, hata kurasa kubwa za hapa mjini. Sikuiba, wafuasi aliwaomba na wafuasi aliwapata.

Sasa binti yake anarudi Jumamosi kutoka Johannesburg, amesomea biashara, na patroni anataka nimpe ufunguo wa ukurasa. Ripoti nimeshaiandika, ina mchoro mzuri unaopanda. Na juzi nimelipa dola 15 za laiki 3,000 ili posti zifanane na idadi ya wafuasi. Naona nikitulia hadi mwezi wa kumi, matangazo ya kweli yatakuwa yamefika.

Papa Shemasi
Mtoto wangu, pale soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, kuna watu wanauza unga kwa meka, kopo la kupimia, iliyobonyezwa chini. Kwa macho meka imejaa, mama akifika nyumbani bukari, ugali wetu, haitoshi watoto. Wewe umembonyezea meka mtu anayekulisha, akakupa na bonasi juu yake. Hiyo bonasi ulikula na mke na mtoto. Nakuomba uiondoe nyumbani mwako.

Fundi Sola Likasi
Papa Shemasi, asante, lakini ametaka ushauri wa ripoti. Mimi nasema huyo binti mpe ufunguo na umwachie yeye. Atakuwa na mawazo yake ya Johannesburg, ya kwako yatasahaulika.

Hesabu
Hayatasahaulika. Atafungua miji kama nilivyofungua mimi, ni dakika moja.

Na hizo laiki 3,000 zitazidi kukuumiza. Ukiposti, Facebook haionyeshi wafuasi wako wote. Inajaribu kwa wachache kwanza, wakikaa kimya inaona posti haina mvuto. Wewe umejaza ukumbi watu wasiopo, halafu unashangaa hakuna anayepiga makofi. Watu wa mitaa ya Lubumbashi kama Ruashi na Kampemba wanaotafuta betri kweli wanakosa kukuona. Usiseme kila mtu anafanya. Mwaka 2018 Unilever walitangaza hawatafanya kazi na watu maarufu wa mitandaoni wanaonunua wafuasi. Mwaka 2024 Marekani waliweka kanuni inayokataza biashara hiyo ya kuuza na kununua wafuasi bandia. Wanaotoa pesa za matangazo wameshajua kwamba wanaliwa.

Hata namba za kweli zinadanganya. Mwaka 2016 Facebook wenyewe walikiri kwamba kwa miaka miwili walikuwa wakikuza wastani wa muda wa kutazama video, kwa sababu waliotoka kabla ya sekunde 3 hawakuwahesabu. Kama namba ya mwenye mtandao inaweza kuwa hivyo, wewe unamletea patroni ya mtu wa Telegram.

Ruashi 243
Ngojeni kidogo. Akaunti hii imefunguliwa leo. Hadithi imenyooka mno: mke, mtoto mchanga, binti wa Johannesburg anashuka Jumamosi, ripoti Jumatatu. Na mwanzo alisema anajibu inboksi hadi usiku wa manane. Mtu ambaye wafuasi wake wako Dhaka anajibu inboksi gani? Nimeshaona nyuzi kama hizi. Kesho atatokea "mtaalamu" na namba ya WhatsApp ya kozi ya dola 30, na huyu huyu atasema imemsaidia. Hesabu, usikute ni wewe.

Hesabu
Niko hapa tangu 2017, sijauza kozi hata moja. Nitukane kwa kingine.

Mama Vitenge
Juu ya nini munamugombeza mutoto? Eko na makosa, amesha kusema. Mutu wa uongo angejisifu.

Ruashi 243
Mama, mtu wa uongo mzuri ndiye anayekiri. Kama ni kweli atuonyeshe kitu cha dukani ambacho mtu wa kozi hawezi kukijua.

Mwana Katuba
Yaya wa Ruashi, nimeumia lakini nakujibu. Inboksi wanaandika watu 12 hadi 15 kwa siku, wa hapa hapa, kutokana na matangazo tunayolipia. Wote wanaandika neno moja: "Bei?" Patroni amekataza kuweka bei hadharani, anasema jirani atapunguza. Basi najibu "karibu dukani upate bei nzuri," na wengi wanaishia hapo.

Cha dukani: kwenye kaunta kuna daftari la jalada jekundu, kona zimeliwa na maji ya mvua. Dada wa kaunta anauliza kila mnunuzi alielekezwa na nani, ni tabia yake tangu enzi za patroni mzee. Sikuwahi kulifungua, niliona ni mambo ya kizamani. Leo mchana nimelikalia. Wiki nne zilizopita, wanunuzi 31. "Fundi" imeandikwa mara 11. "Ndugu" au "jirani" mara 9. "Anapita njia" mara 7. "Facebook" mara 4. Kati ya hao wanne, wawili dada ameongeza kwa kalamu nyingine: "video ya fundi." Ni video moja niliyopiga Ruashi, fundi wetu yuko juu ya mabati anafunga paneli, mwenye nyumba yuko chini ameshika ngazi na anamuuliza maswali. Nilitaka kuifuta kwa sababu sauti ina kelele za pikipiki.

Ruashi 243
Haya. Hiyo ya kalamu nyingine mtu hawezi kuitunga kirahisi. Samahani mdogo wangu.

Hesabu
Mwana Katuba, unaona ulichokikalia? Dola 40 kwa mwezi, wanunuzi wanne. Ni dola 10 kwa kila mnunuzi. Muulize dada wa kaunta betri moja inaacha faida ya kiasi gani. Ikizidi hizo 10, hayo matangazo hayakuwa bure hata kidogo, na hiyo ndiyo hesabu patroni anaielewa tangu hajajua Facebook ni nini. Ule mchoro wako unaopanda ulikuwa unaificha.

Video ya fundi ndiyo ya kubusti, kwa watu wa Lubumbashi, Likasi na Kipushi tu, si kwingine. Tangazo liingie moja kwa moja WhatsApp, na kwenye WhatsApp Business kila anayeandika mwekee lebo: ameuliza, amekuja, amenunua. Na "fundi" mara 11! Mafundi hao wanakuletea wateja kuliko mtandao, na zaidi ya yule wa video hujawahi kumpiga hata mmoja wao picha.

Fundi Sola Likasi
Nilisema mimi. Ile taa.

Mama Vitenge
Na bei mwanangu, mwombe patroni aweke japo "kuanzia." Mimi nisipoandika bei, wanaouliza ni wale wasio na pesa. Mwenye pesa hapendi kuuliza.

Papa Shemasi
Yote mazuri, lakini zile dola 60 za patroni?

Mwana Katuba
Papa, sijalala kwa ajili hiyo. Oda ya laiki nimeifuta, dola 15 muuzaji hajarudisha na sidhani atarudisha. Ule mchoro nimeutoa kwenye ripoti. Nimempigia patroni simu nikaomba nimwone Ijumaa jioni, kabla binti hajafika, akasema nije dukani saa kumi na moja wakishafunga. Hakuuliza ni ya nini, na hilo ndilo linanitisha zaidi. Wale 12,000 nitamwambia. Swali langu la mwisho: hizo 60 na ile bonasi, niseme mwenyewe zikatwe kwenye mshahara, au ningoje aseme yeye?

Mama Vitenge
Sema mwenyewe, tena mwanzoni, kabla hajakaa vizuri. Na uende na lile daftari jekundu mkononi. Simu iache mfukoni.