Mjadala: Deni la zaka limnyime marehemu misa ya mazishi?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili kwa uwazi, hasa Wakatoliki wa Tanzania na Kenya. Mtu amefariki, familia imekwenda parokiani kumwomba padre. Swali la kwanza: alikuwa jumuiya gani, yaani kikundi kipi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja? La pili: kadi yake ya zaka iko wapi? Kadi ikikutwa tupu, familia huambiwa ilipe malimbikizo kwanza, au marehemu azikwe na katekista bila misa, au jumuiya isionekane kabisa. Si kila parokia inafanya hivi, lakini atakayesema hajawahi kulisikia nitamshangaa.

Msimamo wangu nausema mapema: zaka na jumuiya ni mambo ya kuulizana tukiwa hai. Mtu akishakufa, deni hilo lisimzuie kuombewa altareni.

Sheria yenyewe iko wazi kuliko wengi tunavyodhani. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1176, zinataka waamini waliofariki wapewe mazishi ya Kanisa. Wa kunyimwa wametajwa katika kanuni ya 1184: walioasi imani, wazushi na wafarakano (waliojitenga na Kanisa) wanaojulikana, waliochagua mwili wao uchomwe kwa sababu zinazopinga imani ya Kikristo, na wadhambi wengine wa wazi ambao kuwazika kikanisa kungewakwaza waamini. Hata hao, wakiwa walionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi. Pakiwa na shaka, anaulizwa askofu wa mahali. Zaka haimo. Kadi haimo. Na kanuni ya 1181, inayohusu sadaka za mazishi, inaonya kwamba pasiwe na upendeleo wala maskini wasikose mazishi yanayostahili.

Najua nitajibiwa kwamba mtu aliyeacha kuonekana jumuiyani kwa miaka ni mdhambi wa wazi. Hapo sikubali. Watu wanahama, wanafanya kazi za zamu, wanauguza wagonjwa. Na wapo wanaokaa mbali kwa aibu tu. Mama anauza mboga, kila akienda jumuiya kuna mchango: tegemeza jimbo, ujenzi wa kigango (kanisa dogo chini ya parokia), zawadi ya padre mpya, harambee. Jina lake linasomwa kila Jumamosi mbele ya majirani kwamba bado hajatoa. Mwishowe anaacha kwenda, ila rozari anasali nyumbani. Akifa, tunamwita mlegevu. Huyu ndiye anayeniuma kuliko wote, na nadhani ni wengi kuliko wakaidi tunaowalenga.

Jumuiya nazo zina hoja, wala si ndogo. Tangu maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, waamue miaka ya 1970 kuzifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa msingi wa Kanisa la Afrika Mashariki, ndizo zinazolala msibani, zinazopika, zinazochimba kaburi. Padre mwenye vigango vingi hawezi kumjua kila muumini, na barua ya mwenyekiti ndiyo inayomwambia kama marehemu alibatizwa na alikuwa akiishije. Inachosha pia kubeba mazishi ya mtu aliyekuwa akiwacheka mnapokwenda kusali. Tena kulitegemeza Kanisa ni wajibu wa muumini, kanuni ya 222 inasema hivyo. Yote haya nayakubali. Lakini barua ya kumtambulisha mtu ni jambo moja, na barua ya kuthibitisha kwamba hadaiwi ni jambo jingine. Sisi tumeyachanganya.

Turudi kwenye Maandiko tunayoyatumia kila mara kutetea sala kwa marehemu. Katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, askari wa Yuda Mmakabayo, kiongozi wa jeshi la Wayahudi, waliouawa vitani walikutwa na sanamu za miungu ya Yamnia ndani ya nguo zao. Dhambi ya wazi kuliko hiyo ni ipi? Yuda hakusema wazikwe bila kuombewa. Alichangisha drakma 2000 za fedha, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi yao. Waliochanga ni walio hai, kwa ajili ya waliokosa. Kwetu mchango unadaiwa kwa marehemu kabla hajaombewa.

Halafu ikifika Novemba, jina la yuleyule aliyenyimwa misa linaandikwa kwenye bahasha ya kuwaombea marehemu, linawekwa mbele ya altare, na hakuna anayeuliza kadi. Kama anastahili sala mwezi huo, alikosa nini siku ya kuzikwa?

Mapendekezo yangu ni haya. Mwenye deni afuatwe nyumbani akiwa hai, na paroko au wazee wa jumuiya, bila kusomwa jina hadharani. Akifa, familia iulizwe alibatizwa wapi na aliishije, basi. Padre akikosekana kwa sababu ya umbali au ratiba, hilo lisemwe waziwazi, lisifichwe nyuma ya zaka.

Nawasubiri hasa makatekista na wenyeviti wa jumuiya. Mmewahi kukataa kuandika barua ya mazishi? Kwa sababu gani, na familia ile bado inasali nanyi?