Bibi anatimiza 80 katikati ya masika, tusogeze sherehe au?

Mjukuu wa Kibosho:
Wakubwa shikamooni. Bibi yangu yupo Kibosho, anatimiza miaka 80 tarehe 21 mwezi wa nne, siku moja na Malkia Elizabeth wa Uingereza (malkia wa 1926, bibi wa 1946) na ndo maana akabatizwa jina lake. Anampenda yule mama jamani, ana kopo la biskuti lenye picha yake, rangi imebanduka pale kwenye taji, humo anaweka rozari na sindano na hakuna anayeruhusiwa kuligusa. Malkia alivyofariki Septemba 2022 bibi alikaa na redio siku nzima hata chai hakunywa. Sasa shida masika. Kile kipande cha kupandia kwetu mvua ikipiga gari haipandi, mwaka jana tuliacha magari chini tukapanda na viatu mkononi, wazee wa ukoo wataweza wapi. Wajomba wa Dar wanataka Disemba watu wakirudi nyumbani, bibi kagoma, anasema siku ya mtu haihamishwi. Nifanyeje?

Dada wa Njiro:
Mwambie malkia wake mwenyewe alikuwa na siku mbili! Tarehe 21 Aprili alikuwa anakaa kimya na familia, mizinga inapigwa London, milio 41 bustani ya Hyde Park na 62 pale ngome ya Tower, basi. Sherehe ya watu wote inakuja Juni, gwaride na farasi. Na sababu ni hiyohiyo yako, hali ya hewa! Mfalme Edward VII alizaliwa 9 Novemba, kule Novemba ni baridi na mvua, akaona gwaride lifanyike kiangazi, na hata Charles wa sasa wa Novemba naye anafanyiwa Juni. Disemba achana nayo, mara kipaimara mara harusi mara Krismasi, bibi atapewa nusu saa katikati ya shughuli za wengine, haimstahili.

Mzee wa Majengo:
Mimi nauliza tu, kwa nini malkia wa Waingereza wakati tuna Mangi Meli, chifu wetu wa Wachaga, aliyenyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900 na kichwa chake familia bado inakitafuta? Huyo ndo wa kuenziwa.

Mama Mtori:
Mzee shikamoo, Meli tunamuenzi na Machi yake ipo, lakini hapa anayesherehekewa ni bibi. Halafu bibi kakua chini ya huyo malkia, hata baada ya uhuru wa 1961 aliendelea kuwa Malkia wa Tanganyika mpaka tukawa jamhuri Disemba 1962, bibi ana miaka 16 hapo, huwezi kumfuta moyoni. Mjukuu, Aprili pika mtori, sala, keki ndogo, mlioko karibu tu. Ndafu subiri Juni, mbuzi mzima habanikwi kwenye mvua, na mbege, pombe yetu ya ndizi, iandaliwe mapema isije ikaiva watu wameshaondoka.

Mjukuu wa Kibosho:
Nimetoka kumpigia. Nikamweleza ya Juni akanyamaza, akaniuliza mara mbili kama ni kweli malkia alikuwa anafanya hivyo, nikamwambia kweli bibi, akasema basi sawa ila tarehe 21 padre aje, na Juni ndafu aanze kukata yeye. Mwenye turubai kubwa la kukodisha Moshi mjini aje inbox, hiyo Aprili lazima tufunike uwanja.