Anatia mchanga kitumbua chake mwenyewe kila kikikaribia kuiva. Tumsaidieje?

Katibu_Uyole
Habari za jioni wadau. Kikoba chetu kina wanachama 24 na mmoja anatuumiza kichwa. Ni dada wa miaka 27, fundi cherehani, kwa ushonaji hana mpinzani hapa Uyole. Shida huanza kazi ikiwa kubwa. Desemba alipewa oda ya sketi 40 za shule, akapokea malipo ya awali, akashona zote. Zikabaki pindo na vifungo, kazi ya siku mbili. Akazima simu, shule zikafunguliwa, na hadi leo hapatikani. Marejesho nayo ni vilevile: akipungukiwa elfu tano tu, haonekani wiki tatu. Wenzangu wanasema mvivu. Mimi sioni uvivu kwa mtu anayekesha kwenye cherehani. Shangazi yake anasema alilelewa nyumba ambayo kosa dogo ni fimbo, na mtoto aliyejibanza kimya nyuma ya jiko alisahaulika hadi hasira ziishe. Yanahusiana? Na tufanye nini hasa? Mahubiri tumeshatoa ya kutosha.

Mnasihi_Iringa
Kamwene katibu. Yanahusiana sana. Kujibanza kulimwokoa alipokuwa mtoto, na bado anatumia njia hiyohiyo. Ninyi mnatazama hasara, ambayo huja baada ya wiki. Itazameni nafuu: akizima tu simu, tumbo linalegea na mabega yanashuka papo hapo. Mwili hujifunza kwa kile kinachofuata mara moja, kwa hiyo kila akijificha, kujificha kunalipwa.

Kuishia kwenye pindo na vifungo nako si bahati mbaya. Nguo isiyokamilika haiwezi kukaguliwa. Mwaka 1978 huko Marekani, Steven Berglas na Edward Jones waliwapa wanafunzi maswali, mengine hayana jibu, kisha wakawaambia wamefaulu. Wanaume waliosifiwa bila kujua wamefauluje ndio walioelekea zaidi kuchagua dawa iliyosemwa inapunguza uwezo kabla ya jaribio la pili. Walijiandalia kisingizio. Kwa hiyo acheni kumwambia "wewe ni hodari". Sifa ya namna hiyo inamwongezea hofu. Mwambieni "mkanda wa sketi hii umekaa sawa".

Kazi yenyewe ianze na daftari, wiki 2, dakika 5 kila jioni: kilichotokea, mwili ulihisi nini, wazo lililopita, nilifanya nini, nafuu ilidumu muda gani. Mfano: "Saa 4 mteja kapiga. Viganja vina jasho. Atanigombeza. Sikupokea. Nafuu dakika 10, kisha hofu ikazidi." Ukimuuliza "kwa nini ulifanya hivyo?" atasikia fimbo. Uliza "kabla ya hapo kilitokea nini?"

Halafu apange anavyoviogopa kwa alama 0 hadi 10. Kupeleka sketi moja iliyokamilika labda ni 3, kutaja tarehe mpya kwa ujumbe ni 5, kupokea simu ya mteja mwenye hasira ni 8. Aanze na 3, arudie mpaka hofu ishuke kama nusu ndipo apande. Kabla ya kila hatua aandike anachotarajia ("atanitukana"), baadaye aandike kilichotokea. Wengi huruka sehemu hii, na bila hiyo hofu haipati cha kuisuta. Kosa lingine ni kumrusha moja kwa moja kwenye 8, yaani kumsimamisha mbele ya watu 24.

Mwisho, kauli moja aishike: "Nikitaka kuzima simu, kwanza natuma ujumbe." Ujumbe uwe umeshaandikwa na kuhifadhiwa: "Shikamoo mama. Sketi 28 tayari, 12 bado vifungo. Naleta Alhamisi saa 10 jioni." Asiongeze maelezo. Akianza kujieleza atafuta na kuandika upya mpaka chaji iishe. Kuvuta pumzi kwa kuhesabu 4 na kuitoa kwa 6, dakika 3, kunasaidia mkono usitetemeke, ila akipumua bila kutuma ujumbe amepata tu maficho mapya.

Mweka_Hazina_Makambako
Hayo ni ya kwake, ila kikundi nacho kina mkono wake humo. Soma katiba yenu. Kama faini ni 2,000 kwa aliyetoa taarifa na kwa aliyetoroka, anayesema analipa faini pamoja na aibu, anayetoroka analipa faini tu. Nani atasema? Wekeni 500 kwa anayemjulisha katibu kabla ya saa 6 mchana siku ya kikao, 2,000 kwa asiyesema. Taarifa isisomwe kikaoni. Iwe kwa wanachama wote, la sivyo mtasikia upendeleo. Deni msimfutie, maana hapo mtakuwa mmemlipa kwa kukaa kimya. Na oda kubwa ikatwe: sketi 10, zikabidhiwe zikiwa na vifungo, ndipo kitambaa cha 10 nyingine kikatwe.

Katibu_Uyole
Asanteni. Simu bado imezimwa. Nimfuate?

Mnasihi_Iringa
Mfuate, wewe na shangazi tu. Viongozi watatu mlangoni ni fimbo ileile. Beba vifungo. Kaa dakika 20, deni lote usilitaje, muombe amalizie sketi moja ukiwepo. Huenda wiki za kwanza akajificha zaidi. Njia ya nafuu ikizibwa mtu anaweza kuigonga kwa nguvu kabla ya kuiacha. Hesabu siku. Akitoka wiki tatu hadi siku tisa, inafanya kazi.

Muuguzi_Mbeya
Ukiwa pale angalia na haya. Huzuni karibu kila siku kwa wiki 2, hapati usingizi, hataki kula, hata kazi ndogo zimemshinda: hapo daftari peke yake halitoshi, aanzie kituo cha afya, wataweza kumpa rufaa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kama anakunywa pombe kali kila siku, usimwamuru aache ghafla. Anaweza kupata degedege. Akitamka kutaka kufa, usimwache peke yake na mpelekeni siku hiyohiyo. Halafu habari za fimbo msimchimbe. Hatua alizoeleza mnasihi hazihitaji asimulie utoto wake, na akitaka mwenyewe kusimulia, asikilizwe na mtu mmoja, kikao kisiguse.