Uliruhusiwa kuliendesha kabla ya kulilipia? Tupeane uzoefu wa kujaribu magari yenye nguvu

Mtanga wa Houston

Wakuu, salaam. Jumamosi iliyopita nilikwenda na mama watoto kwenye duka moja la magari hapa Houston kuangalia Honda Civic Type R mpya. Wanaolijua gari hili hawahitaji maelezo: injini ya lita 2 yenye turbo, nguvu za farasi 315, gia sita za mkono, na otomatiki hupewi hata ulie. Nimelisoma kwa miaka miwili. Mke wangu anasema ningekuwa naisoma hivyo Kurani, sasa hivi ningekuwa sheikh.

Nikamwomba kijana wa mauzo nilizungushe kidogo. Akatabasamu kwa huruma. "Hili halijaribiwi, bwana. Saini kwanza, benki ikikubali utaliendesha mpaka uchoke." Kwenye kioo kuna ile karatasi ya bei ambayo sheria ya Marekani ya mwaka 1958 inawalazimisha waibandike, zaidi ya dola 44,000. Pembeni yake wamebandika karatasi yao wenyewe, wameongeza 8,000 kwa sababu gari ni adimu. Yaani nilipe zaidi ya bei, tena nimefumba macho.

Nikambana anipe sababu. La kwanza, maili: mnunuzi wa gari la aina hii akikuta limeshatembea maili 60 anaanza kuomba punguzo. La pili, kitabu cha Honda chenyewe kinasema maili 600 za kwanza, yaani kilomita 1,000, usikanyage mafuta hadi chini wala kuondoka kwa kishindo, na mtu anayejaribu gari kama hili atafanya nini kingine? La tatu ni klachi. Hapo nilimwelewa. Alisema kuna vijana wanaofika hawajawahi kugusa gia za mkono maishani, wanajifunzia kwenye gari la watu.

Nilitoka bila kusaini. Bado linaniuma. Huko mliko mnaruhusiwa? Wanakuomba nini? Karibuni.

Mvita Cologne

Mkuu, mimi kazi yangu ni kuosha na kuandaa magari kwenye duka moja huku Ujerumani, mwaka wa saba sasa. Ngoja nikupe habari za upande wa pili wa kaunta.

Huku kujaribu kunaruhusiwa, hata magari makali, lakini kuna utaratibu. Gari jipya halina namba bado, kwa hiyo tunalibandika namba za muda za wauzaji: maandishi mekundu kwenye bati jeupe, tarakimu zinaanza na 06. Ni mimi ninayezibandika, na ni mimi ninayezibandua, na zikipotea ni mimi ninayelia. Mteja analeta leseni na kitambulisho, vinatolewa nakala, halafu anasaini karatasi inayosema ajali ikitokea atalipa kiasi fulani mfukoni kabla bima haijaingia. Msaini vitu hivyo mkiwa mmevaa miwani. Nimeona mtu amekwangua rimu kwenye ukingo wa barabara, dakika ya tatu, halafu ndiyo anauliza "kwani nilisaini nini?"

Sasa kwa nini bosi anaiangalia leseni kwenye mwanga kama noti ya shilingi elfu? Kulikuwa na kesi hapa, Mahakama Kuu ya Shirikisho iliitolea hukumu Septemba 2020. Jamaa alifika kwenye duka la magari na vitambulisho vya kughushi, akapewa Mercedes ya zaidi ya euro 50,000 ili alijaribu kwa saa moja peke yake. Hakurudi. Akaliuza kwa mtu mwingine ambaye hakujua lolote. Mwenye duka akaenda mahakamani kudai gari lake. Akashindwa! Majaji walisema: ulimkabidhi kwa hiari yako, bila mtu wa kukaa naye, kwa hiyo kisheria huwezi kuhesabiwa kuwa umeibiwa, na yule aliyenunua kwa nia njema gari ni lake. Tangu hapo ukiomba kwenda peke yako kwetu bosi anakumbuka ghafla kwamba na yeye alikuwa na safari upande huohuo.

Na hata kukaa naye si dawa. Mei 2019 pale Düsseldorf, kama kilomita 40 kutoka ninapoishi, mtu alikuja kujaribu Ferrari 288 GTO, gari la thamani ya zaidi ya euro milioni mbili, lililowahi kuwa la dereva wa Formula 1 Eddie Irvine. Wakaenda pamoja vizuri kabisa. Wakasimama kubadilishana viti. Muuzaji akashuka, jamaa akakanyaga mafuta. Polisi walilikuta kesho yake limefichwa kwenye gereji mji wa jirani, Grevenbroich.

Ndiyo maana kwetu kuna sheria ya kubadilishana viti, nayo haina mzaha: zima injini, ufunguo mfukoni kwa muuzaji, ndiyo milango ifunguke. Magari ya siku hizi hayachomekwi ufunguo. Mwenye ufunguo anaweza kushuka na kwenda nao dukani, injini ikaendelea kunguruma na gari likaondoka zake. Wateja wengi wanaona tunawadharau tukizima. Hatuwadharau. Tunamkumbuka yule wa Düsseldorf.

Mpemba wa Leicester

Nitatoa yangu ya aibu. Nilikuwa na miaka 24, nimejichanga, naitaka Volkswagen Golf R. Duka likasema bima yao haimruhusu mtu wa chini ya miaka 25 kuendesha gari lile. Kununua ruhusa, kulijaribu hapana. Nikampigia baba mdogo, ana miaka 58 na anaendesha Yaris. Akaja na kanzu yake ya Ijumaa.

Jamani, baba mdogo aliliendesha gari lile la nguvu za farasi 300 na ushee kama amepakia mayai. Gia hazikupanda vizuri, turbo haikuamka, maili 30 kwa saa na taa ya kugeukia inawaka njia nzima. Mimi nimekaa nyuma. Muuzaji ananiuliza, "Umelionaje?" Nimelionaje nini? Nimeona kisogo cha baba mdogo.

Mwishowe nililichukua kwa simu kutoka mji mwingine, wakaniletea mlangoni. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho wengi wetu Uingereza hatukijui: ukinunua kwa mbali, kwa simu au mtandaoni, bila kwenda dukani, sheria inakupa siku 14 za kubadili mawazo. Ukilinunua dukani ana kwa ana huna hizo siku. Ila usilitumie kwenda nalo Scotland na kurudi, wanaweza kukukata pesa kwa matumizi yaliyozidi yale ya kulikagua.

Mvita Cologne

@Mpemba nimecheka hadi mteja amenitazama. Mpe salamu baba mdogo.

Bint Unguja, Muscat

Asalaam alaykum. Yangu fupi. Nilikwenda kuangalia Mustang, nikaongozana na kaka yangu. Nimepiga simu mimi, nimeweka miadi mimi, jina kwenye daftari langu. Muuzaji akampa ufunguo kaka. Kaka akamwambia, "Mwenye kununua huyu hapa, mimi nimefuata kahawa." Akaenda kweli kukaa kwenye kahawa na tende zao.

Walitaka leseni na kadi ya ukaazi, wakapiga picha. Njia wameipanga wao: kutoka dukani, mzunguko wa kwanza, kipande cha barabara kubwa, mzunguko wa pili, kurudi. Dakika 15. Muuzaji njia nzima ameshika mpini wa juu ya mlango, nami sijavuka mwendo uliowekwa hata mara moja. Kwenye kamera za Oman nicheze miye?

Lakini nilifanya jambo moja ambalo namshauri kila anayenunua gari huku Ghuba. Miadi niliiweka saa nane mchana, mwezi wa Julai, makusudi. Walitaka kunipangia saa kumi na moja jioni, nikakataa. Viti vya ngozi nyeusi, gari limeanikwa juani tangu asubuhi. Nikahesabu dakika ngapi kiyoyozi kitanifanya niache kupepea buibui. Nguvu za injini nimeshazisoma kwenye karatasi, jasho halisomeki kwenye karatasi.

Subaru Damu, Nairobi

Nyinyi mnapewa kahawa na tende! Mimi ya kwangu ilikuwa yadi moja Ngong Road, WRX STI iliyotoka Japani. Si mpya ya sifuri, lakini kwetu hapa hiyo ndiyo mpya.

Kujaribu? "Hakuna shida, boss." Naingia, nawasha, taa ya mafuta inawaka. Betri pia ilikuwa imekufa, wakaamsha na waya kutoka kwa Prado ya jirani. Nikaambiwa niweke mafuta ya elfu moja nikitaka itoke kwa lango. Nikatoa. Kijana akaenda na jerikeni, akarudi na mafuta ambayo kwa macho yangu hayakufika elfu moja, lakini hiyo tuiache.

Sasa tunatoka, jamaa wa yadi ananiambia gari haina namba, tutazunguka tu hapa nyuma. Hapo nyuma ni mita mia mbili na matuta manne. Gari ya kushinda rali nikaijaribu kwa matuta. Kila nikishika gia ya pili, tuta. Nilichojua siku hiyo ni kwamba breki ziko.

Sikuinunua siku hiyo. Nilirudi na fundi wangu, asubuhi, bila kupiga simu kwanza, na hiyo ndiyo siku niliisikia vizuri.

Fundi wa Ngarenaro

Huyu wa Nairobi kaligusa jambo, niongezee. Kufika bila kupiga simu ndiyo siri. Ukifika, kabla hujasalimiana na mtu, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, wameshaliwasha kabla yako, na mara nyingi kuna sababu. Injini inasema ukweli ikiwa baridi. Tazama moshi wa kwanza kwenye ekzosi: wa buluu ni oili inaungua, pete za pistoni au turbo. Sikiliza mlio wa kugonga unaopungua injini ikipata moto.

Na klachi hupimwa hivi, hata kwenye njia fupi: weka gia ya tatu ukiwa kwenye mwendo mdogo, kanyaga mafuta hadi chini. Mshale wa mizunguko ukiruka juu na mwendo ukabaki palepale, klachi imekwisha, mwambie akupunguzie au ondoka. Gari jipya kabisa usilifanyie hivyo, wenye duka wana haki ya kukasirika.

Kisesa

Mnalalamika dakika 15? Mimi nimenunua magari matatu kutoka Japani kwa picha. Picha arobaini na karatasi ya mnada yenye alama za hali ya gari. Nikiona alama 4 au 4.5 natuma pesa, nikiona R najua limewahi kugongwa na kutengenezwa, naachana nalo. Mara ya kwanza kuusikia mlio wa injini ni bandarini Dar es Salaam, ushuru nimeshalipa, na mtu wa kunitolea gari bandarini ndiye anayeliendesha. Sijawahi kupewa hata kahawa.

Mtanga wa Houston

Wakuu, ahsanteni. Nimerudi na mrejesho.

Nilipiga simu maduka sita. Manne yalisema kama lile la kwanza. La tano lilikubali iwapo nitaweka kishika uchumba cha dola 1,000 kinachorudishwa, nikaona hiyo ni posa, si jaribio. La sita, mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa, alipokea mama mmoja mtu mzima, akaniuliza maswali mawili tu: gia za mkono unajua, na leseni unayo? Nikamwambia nilijifunzia Land Rover 109 ya mjomba, barabara ya Muheza kwenda Amani. Hakuielewa ila alicheka, akasema njoo Jumatatu.

Kwa kuwa shule zimefungwa nikaenda na familia nzima. Yule mama alikaa kulia kwangu, akaniachia barabara ndefu iliyonyooka, akaniomba tu nisizidishe mizunguko elfu nne, injini bado changa. Wakuu, ile gia. Fupi, ngumu kidogo, unaisukuma inaingia kama kufuli jipya. Niliendesha dakika 20 na nilikuwa tayari kusaini juu ya boneti.

Tukarudi. Nikasema watoto nao waingie nyuma, tuzunguke nao uwanjani mara moja. Mkubwa akaingia. Wa pili akaingia. Mdogo akabaki amesimama nje, kashika mlango, anachungulia.

"Baba, mimi nakaa wapi?"

Nikainama kutazama. Mikanda miwili. Katikati, pale anapokaa mtoto kwenye Civic za kawaida, wameweka mahali pa vikombe. Miaka miwili nasoma. Najua rimu ni inchi 19. Najua breki ni za Brembo. Sikuwahi kuhesabu viti.

Mke wangu hajasema kitu hadi leo. Ila jana usiku nimemkuta anaangalia simu, picha ya Honda Odyssey, lile gari la kubeba familia nzima, na jana hiyohiyo yule mama wa dukani amenitumia ujumbe kuniuliza kama hiyo nayo nataka kuijaribu.